Mpishi Aliyesema Hajala

Wadogo zangu mtakaoshika mwiko baada yangu, na nyinyi wengine mnaonunua chai ya asubuhi mkiwa mbioni na begi la shule mgongoni, nipeni masikio kidogo. Nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka kumi na tisa na chunusi bado zinanitoka kwenye paji la uso, lakini mtu aliyekaanga mahamri tangu kidato cha kwanza, kila Jumamosi na kila likizo, kisha mwaka mzima baada ya mtihani wa mwisho, halafu siku moja akavua aproni, akaikunja na kuikabidhi, huyo amestaafu. Hana jina jingine. Mimi naenda chuoni Kilifi, na mkono wangu wa kulia una alama za mafuta ya moto ambazo hakuna cheti kitakachozizidi.

Haya ningewaambia kwa mdomo, lakini mimi, Sidi, ukinisimamisha mbele ya watu watatu nasahau hata jina langu. Ndiyo maana kazi ilinifaa. Mwenye karai hutazama karai. Hakuna anayemuuliza kitu ila, "Yameiva?" na hapo unaweza kujibu kwa kichwa.

Kibanda chetu mnakijua, wengi wenu mmekula hapo. Kiko Malindi, kwenye njia itokayo sokoni, dirisha moja la mbao linalofunguliwa kwa juu na kushikiliwa na kijiti. Hakuna kiti wala meza. Mteja anakula amesimama, au anafungiwa kwenye karatasi anaondoka nayo. Waendesha boda, mafundi, wauguzi wanaotoka zamu, walimu waliochelewa, wanafunzi waliochelewa zaidi ya walimu. Mwenyewe ni Bi Mwanaidi, mama mzaliwa wa Mambrui, mnene wa sauti, anayejua kukutukana na kukuombea dua katika pumzi moja.

Sasa, swali mnaloniuliza kila mara, hasa tangu ile hoteli ya vioo ifunguliwe ng'ambo ya barabara na kutundika picha kubwa za chakula "cha afya", ni hili: chai ya asubuhi ya haraka haraka, ya kununua na kuondoka, ina afya kweli au tunadanganyana? Mnataka jibu la ndiyo au la. Sina. Nina hadithi ya kidole kimoja cha mguu, nayo itafika. Kwanza niwaambie nilivyoharibu.

Siku yangu ya kwanza kwenye karai nilitia mahamri mafuta hayajashika moto. Niliogopa kuunguza, nikaona heri yaanze polepole. Hamri likitiwa kwenye mafuta baridi halivimbi. Linalala chini kama mgonjwa na kunywa. Yalipotoka yalikuwa bapa, mazito, yanang'aa. Bi Mwanaidi alichukua moja, akalibana juu ya kisahani, mafuta yakatiririka.

"Sidi, mwanangu," akasema kwa upole ulionitisha, "hili si hamri. Hili ni taa. Litie utambi tupate mwanga."

Watu dirishani walicheka mpaka nikatamani kuingia ndani ya gunia la unga. Lakini nilijifunza. Tupa kwanza kipande cha unga kidogo kama ukucha. Kikizama na kukaa, subiri. Kikipanda juu mara moja kikicheza, tia. Hamri lililokutana na moto mzuri linajifunga upesi na kuyakataa mafuta. Basi mtu akikwambia mahamri yote ni mabaya, muulize ameyala kwa nani. Na mafuta yakianza kutoa povu na kunuka kama duka la rangi, yamwage, hata kama roho inakuuma. Bi Mwanaidi alikuwa akiyatoa mwenyewe na kuyamwaga huku akilalamika njia nzima kana kwamba anazika ndugu.

Ile hoteli ya vioo pia nimeifanyia kazi, msidhani nasema kwa wivu. Ramadhani kibanda hakifunguliwi asubuhi, Bi Mwanaidi hukaanga alasiri kwa ajili ya futari. Kwa hiyo mwezi mmoja niliutumia asubuhi ng'ambo, alasiri huku. Kule nilivaa kofia. Niliosha matunda, nikachemsha mayai, nikapanga mikate ya kahawia. Mayai yalikuwa mazuri, matunda yalikuwa matunda. Ila ule mkate wa kahawia, jamani, ukahawia wake ulitoka kwenye chupa ya rangi. Unga ulikuwa mweupe kama wetu. Na yale maziwa ya mgando ya vikombe, yaliyopambwa kwa kipande cha embe juu, yalitiwa sukari mbele ya macho yangu kwa kikombe, si kwa kijiko. Nilimtazama mwenye hoteli. Alikuwa mtu muungwana, hakujificha.

"Nikiwapa bila sukari wanarudisha," akaniambia. "Wanataka afya, lakini wanataka iwe tamu."

Mteja wake mkubwa wa hiyo afya alikuwa Baya, mwendesha boda anayeegesha pikipiki yake chini ya dirisha letu. Baya ana mdomo usiolala. Alihamia ng'ambo kwa mbwembwe, akawa kila asubuhi anapita akijipiga kifua.

"Mimi siku hizi nala kiafya, Bi Mwanaidi. Mkate wa kahawia, maziwa ya mgando, maji ya matunda ya boksi. Mwili mwepesi!"

"Hongera. Na hapa wataka nini?"

"Viazi karai. Kule hakushibishi."

Basi alikuwa akila asubuhi mbili, moja ya afya na moja ya kushiba, na akiulizwa umekula nini anataja ile ya kwanza. Mkumbukeni Baya kila mnapojihesabia mlichokula.

Nimefika kwenye kidole.

Bi Mwanaidi ana sukari. Alikuwa nayo kabla mimi sijamjua, akaichukulia kama jirani mwenye kelele, unamzoea. Mwaka jana, baada ya Ramadhani ile, kifuu cha nazi kilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kitu kidogo tu. Alikifunga kitambaa akaendelea kukuna nazi. Kidonda kikakataa kupona. Wiki zikapita, kikawa na rangi ambayo sitaiandika kwa sababu wengine mnakula. Akaenda hospitali, na alirudi kimya. Kimya cha Bi Mwanaidi ni kitu kikubwa, hata Baya alizima pikipiki.

Alichoambiwa ni kwamba sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Na kwamba mara nyingi haiishii kwenye kidole. Yeye hufanya kazi amesimama tangu alfajiri hadi adhuhuri. Bila mguu hakuna karai, na bila karai, alituambia, "Nitakuwa mtu wa kuulizwa kama nimekunywa dawa."

Akaamua. Na Bi Mwanaidi akiamua ameamua. Aliacha kula asubuhi kabisa. Alikuwa na kikombe chake cha chai ya rangi, kavu, bila hata chembe ya sukari, alikinywa akikunja uso, kisha akatangaza dirishani, "Tangu alfajiri sijatia kitu kinywani, na sitii mpaka mchana!" Alitangaza kila siku. Wateja walimsifu. Wauguzi waliokuwa wakinunua walimwinulia kidole gumba. Mimi nilijivunia kufanya kazi na mtu mwenye nia ya chuma namna ile.

Nilimsindikiza kliniki iliyofuata, kwa sababu alikuwa akichechemea. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Akatazama kipimo, akatazama kidonda, akatazama kipimo tena.

"Mama, haijashuka. Imepanda kidogo. Asubuhi unakula nini?"

"Sili, mwanangu. Wallahi sili. Chai kavu tu."

Daktari akanigeukia mimi, na nyinyi mnajua ninavyokuwa nikigeukiwa. "Ni kweli?"

"Hali," nikasema. "Nashinda naye kibandani mimi."

Na niliamini. Ningeapa. Daktari alikuna kichwa, akaandika dawa nyingine, akasema turudi baada ya wiki chache, na safari hiyo wataamua. Hakusema wataamua nini. Njiani kwenye tuktuk Bi Mwanaidi alikuwa ameutandaza mguu wake juu ya begi langu, akiutazama kama mtu anayeaga.

Kesho yake asubuhi tulifungua kama kawaida. Akatangaza kama kawaida. Baya akaegemea dirisha, akamtazama, akasema, "Bi Mwanaidi, mbona unasema hujala na mashavu yanacheza?"

"Naonja, mpumbavu wewe."

Watu wakacheka, Baya akalipa akaondoka. Baya hutania kila siku na hakuna anayemsikiliza. Lakini mimi nilikuwa nimelala vibaya usiku ule, na neno lile likaniingia sikioni likakaa. Nikamtazama Bi Mwanaidi. Si karai, yeye.

Alikata pembe ya hamri la kwanza kutoka kwenye karai, kujua kama limeiva ndani. Akaitia kinywani. Karai la pili likatoka, akakata pembe nyingine, kwa sababu moto hubadilika. Akachota mbaazi kwenye mwiko, akazimwaga kiganjani, akalamba. Zikaongezwa tui zito, akaonja tena. Zikaongezwa pilipili, akaonja tena, akashushia na hamri lililovunjika, ambalo haliuziki. Chai ilipochemka alijimiminia nusu kikombe ya ile ya maziwa, ya wateja, iliyopikwa na sukari ndani ya sufuria kama tunavyopika sisi wote wa pwani. Kijiko kwake hakisemi ukweli, chai huonjwa kwa kikombe. Kisha chatini, ule mchuzi mzito wa ukwaju wa kuchovyea. Na chatini, wadogo zangu, haiwezi kuonjwa peke yake. Lazima kichovywe kiazi karai, kile kilichovikwa unga na kukaangwa.

Nikapata ujasiri, sijui kutoka wapi. "Bi, si umekula?"

Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo. "Nimekula lini?"

"Hapo. Na hapo."

"Kuonja si kula! Mwezi mtukufu wenyewe, mpishi aliyefunga huonja chumvi na saumu yake haifunguki. Ikiwa kuonja hakufungui saumu, hiyo sukari itajuaje kwamba nimeonja?"

Niliona kuna kitu hakiko sawa kwenye hoja ile, lakini mimi Mkristo wa Ganze, nitabishana na Bi Mwanaidi juu ya saumu? Nikarudi kwenye karai.

Lakini usiku sikuacha kuuona ule mguu juu ya begi langu. Na mtu asiyeweza kusema hutafuta njia nyingine. Asubuhi iliyofuata niliweka chini ya meza bakuli kubwa la plastiki lenye kifuniko, na kando yake jagi. Kila alipokata pembe ya hamri, nami nilikata pembe kama ile nikaitia bakulini. Kila mwiko wa mbaazi, mwiko wa mbaazi. Kila kilichovunjika alichokitafuna, nami nilivunja kimoja. Chai ikaenda kwenye jagi. Kiazi cha chatini, kiazi cha chatini. Nilikuwa nikiinama na kuinuka mpaka Baya akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Tulifunga dirisha. Nililitoa bakuli, nikalimimina lote kwenye sinia ya bati, ile tunayotandazia unga. Nikaweka jagi kando. Nikamsogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, yenye utangulizi. Kilichotoka ni, "Karibu, Bi."

Akaitazama ile sinia. Macho yakamtoka.

"Mwanangu, wala hivi vyote? Peke yako? Utapasuka!"

"Si vyangu."

"Ni vya nani?"

"Vyako. Ni vile ulivyoonja leo. Kipande kwa kipande."

Hapo ndipo Baya, ambaye alikuwa amesahau kofia yake, alipochungulia kwa mlango wa nyuma. "Lo! Nani anaolewa?"

"Ondoka, Baya," akasema Bi Mwanaidi, bila kugeuka, na kwa sauti ndogo hata Baya akatii.

Alikaa kwenye kigoda. Aligusa pembe za mahamri kwa kidole, moja moja, kama anayetafuta ile ambayo si yake. Akalinyanyua jagi, akalipima uzito, akaliweka. Nilijua atanifukuza. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria nitamwambia nini mama.

"Ramadhani," akasema mwishowe, "hutema."

"Ndiyo, Bi. Nimekuona."

"Naonja kwa ncha ya ulimi, natema." Akaitazama tena ile sinia. "Miezi mingine yote nimekuwa nikimeza."

Halafu alicheka. Si kicheko chake cha dirishani, kingine, kifupi. Machozi yalikuwa karibu, lakini Bi Mwanaidi hawezi kulia mbele ya chakula, ni mkosi kwake. Alisema tu, "Na yule daktari masikini nimemwapia kwa Mungu," akaniambia niwape majirani ile sinia kabla haijapoa.

Mkidhani hapo mambo yalinyooka, hamjui wapishi. Kumwambia mpishi asionje ni kumfunga macho. Siku tatu za kwanza alikuwa kama mvutaji aliyeacha sigara. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nikikohoa kila ulipokwenda, mpaka wateja wakaanza kuogopa kwamba nina ugonjwa. Alijaribu kuonja na kutema, lakini utatemaje mbele ya dirisha lililojaa watu wanaosubiri kula? Akawa ananionjesha mimi.

"Iko vipi?"

"Nzuri, Bi."

"Nzuri vipi? Chumvi?"

"Iko."

"Iko! Hata baharini iko! Mtoto huyu ana ulimi wa mbao."

Basi kazi ya kuonja ikatolewa dirishani. Mteja wa kwanza kila asubuhi alipewa kijiko na kuulizwa. Jambo hilo lilileta ugomvi ambao hamjawahi kuuona. Mwalimu mmoja alisema tui limezidi, muuguzi nyuma yake akasema halitoshi, wakachelewa kazini wote wawili. Na Bi Mwanaidi taratibu akagundua kwamba anajua zaidi kuliko alivyodhani. Mbaazi zilizoiva hazitoi sauti ile ile sufuriani. Zinaacha kugongana, zinaanza kunong'ona. Tui likikaribia kukatika linanuka utamu kabla hujaona kitu. Hamri lililoiva ndani ni jepesi kwenye kijiko cha matundu. Haya aliyajua miaka yote, ila ulimi ulikuwa ukiyajibia. Nawaachia nyinyi. Jifunzeni kusikiliza sufuria.

Na njaa je? Hili muuguzi mmoja, mteja wetu, ndiye aliyemwambia, akiwa na kiazi mkononi. "Bi, wewe waonja sana kwa sababu una njaa. Kula. Kaa chini, ule sahani yako kabla hujafungua, kisha uone." Bi Mwanaidi alidhani ni mzaha. Miezi yote anajinyima, leo aambiwe ale! Lakini alianza. Mbaazi zenye tui jepesi, yai la kuchemsha, kipande kidogo cha muhogo, chai kavu ya tangawizi. Alikula amekaa kwenye kigoda na dirisha limefungwa, bila kutangaza. Mkono ukapunguza safari zake. Siku nyingine nilisahau hata kukohoa.

Lililowaumiza watu ni chai. Bi Mwanaidi aliamua, kwa kuwa hawezi tena kuonja sukari, hataipika na sukari. Alitoa kopo na kijiko akaviweka dirishani, kila mtu ajitilie. Mngesikia kelele. Pwani hii chai inakuja tamu, ndivyo ilivyo, kuitoa bila sukari ni kama kumpokea mgeni bila salamu.

"Chai hii imefiwa?" akauliza fundi mmoja.

"Jitilie, baba, mikono unayo."

Baya akajitilia. Kijiko, akaonja. Kijiko. Akaonja. Kijiko, kijiko. Foleni nyuma yake ikaanza kuhesabu kwa sauti. Akasimama na kijiko hewani, akatazama kopo, akatazama kikombe.

"Bi Mwanaidi. Hizi zote zilikuwa humo?"

"Zilikuwa humo, na ulikuwa ukiniambia niongeze."

"Na kila siku naapa mimi si mtu wa sukari!"

"Hata mimi nilikuwa naapa, mwanangu."

Hakuacha sukari, Baya. Lakini alirudisha kijiko cha mwisho kwenye kopo, na tangu siku ile anapunguza kidogo kidogo bila mtu kumhubiria. Na zile asubuhi zake mbili zimebaki moja. Akizidisha sana, moja na nusu.

Ndiyo maana mkiniuliza kama chakula cha dirishani kina afya, nauliza kwanza, ulikula nini kweli? Si ulichoagiza. Ulichoagiza ni mkate wa kahawia. Ulichokula ni mkate, na kikombe, na boksi, na kile ulichomega kwa rafiki, na ile soseji uliyoimaliza ukivuka barabara hata hukuiona ikiisha. Mbaazi za kibanda zilizochemshwa vizuri ni chakula kizuri sana. Yai la ng'ambo ni chakula kizuri. Hamri moja la moto mzuri halijamuua mtu. Tatizo la chakula cha haraka, nimeliona kwa macho yangu, ni kwamba kinaingia kinywani kabla wewe hujafika.

Siku ya kliniki ilipofika Bi Mwanaidi alikataa nimsindikize. "Nikirudi bila kidole, dirisha liwe wazi," akasema. Akafunga ushungi, akapanda tuktuk, akaenda. Mara ya kwanza maishani nikaachwa na dirisha peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu aliniuliza jambo lile lile, "Amekwenda? Amesemaje?" na mimi niliwajibu kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Niliunguza karai zima. Hakuna aliyelalamika. Waliyala yale meusi kimya kimya, wakabaki wamesimama hata waliokwisha kulipa. Baya alikataa abiria wawili. Alisema pikipiki ina joto.

Jua lilikuwa limeshapanda tuktuk ilipokuja. Ilisimama katikati ya barabara, kama zinavyosimama. Bi Mwanaidi alishuka kwa mguu wa kulia, akashika nguzo ya kibanda, na uso wake haukusema kitu. Hakusalimu mtu. Alivuta kile kigoda kilichokuwa mlangoni, akavua kandambili ya kushoto, akaupandisha mguu juu ya kigoda, mbele ya foleni nzima, mguu mtupu bila bendeji.

"Baya! Njoo uhesabu."

"Bi, watu tunakula hapa!"

"Hesabu huku unatafuna."

Baya akainama na hamri shavuni. Kulikuwa na kidole gumba, na cha pili, na cha tatu. Alihesabu kwa sauti, polepole, na foleni ikashika. Cha nne. Akainamisha kichwa zaidi. Pale pembeni kilikuwepo, kidogo, kimekunjamana, kina kovu la waridi kama kitu kilichotoka kuzaliwa asubuhi hiyo.

"Na huyu mwenye maneno," akasema Bi Mwanaidi. "Mhesabu na yeye."

"Tano!" wakapiga kelele wote, muuguzi, fundi, mwalimu aliyekuwa amechelewa, na hata mwenye hoteli ya vioo aliyekuwa amevuka barabara kutazama kuna nini.

Bi Mwanaidi akavaa kandambili yake, akanawa mikono, akaingia ndani, akanisogeza kwa nyonga nimpishe kwenye karai.

"Haya," akasema. "Nani wa mbaazi?"